Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kupima Lava wa Samaki Wanavyoitikia Harufu Zilizoyeyuka Majini

Lava wa samaki, yaani kitoto kichanga cha samaki kilichotoka kwenye yai, mwenye urefu wa milimita nne haoni mbali, na maji yakiwa na tope au giza likiingia haoni karibu chochote. Pua yake lakini huamka mapema. Kwa samaki-pundamilia (Danio rerio), anayefugwa sana maabarani, kiungo cha kunusa huanza kuumbika yai likiwa bado halijaanguliwa, na kufikia siku ya nne au ya tano tangu kurutubishwa lava hubadili mwendo anapokutana na baadhi ya asidi amino (vijenzi vya protini) majini. Chakula, adui, ndugu zake na mahali pa kukulia vyote vinaweza kumfikia kwanza kama harufu.

Kuonyesha jambo hilo kwa jaribio linaloaminika ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Lava akikimbia upande mmoja wa chombo, huenda amekimbia harufu. Huenda pia amekimbia maji yenye joto tofauti kidogo, mwanga wa dirishani, mtetemo wa pampu, au asidi iliyoingia pamoja na kemikali yako. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu au mtu wa kituo cha kutotolea samaki anayetaka kufanya jaribio hilo kwa vifaa vya kawaida, na sehemu kubwa yake inahusu maji kuliko samaki. Nimefanya hivyo makusudi: majaribio mengi ya aina hii huharibika kwenye ndoo kabla lava hajaguswa.

Elewa kwanza harufu inavyosafiri

Ni rahisi kudhani kwamba tone la harufu likiingia majini husambaa lenyewe upesi. Sivyo. Molekuli ndogo kama ya asidi amino husambaa kwa mgawo wa takriban 10⁻⁹ mita za mraba kwa sekunde. Piga hesabu utaona kwamba kusogea milimita moja kwa njia hiyo pekee huchukua kama dakika nane, na kusogea sentimita moja huchukua karibu saa 14. Kinachomletea lava harufu ni mwendo wa maji yenyewe: mkondo, wimbi, maji ya moto yanayopanda, hata mapigo ya mkia wake mwenyewe.

Hapo kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, tone ukilidondosha kwenye sahani ya maji yaliyotulia halitengenezi mteremko laini wa harufu kutoka kali hadi hafifu. Hutengeneza nyuzi na vifundo, na kila mara umbo lake ni tofauti. La pili ni zuri kwako: mikondo miwili ya maji inaweza kwenda bega kwa bega kwenye mfereji mmoja bila kuchanganyika, mradi maji yaende taratibu. Kifaa kikuu cha mwongozo huu kimejengwa juu ya ukweli huo.

Kuhusu mwili wa lava, seli za puani hunasa asidi amino, chumvi za nyongo, nukleotidi na baadhi ya homoni. Kwa samaki wengi waliopimwa, pua hugundua asidi amino kwenye ukolezi wa kati ya 10⁻⁹ na 10⁻⁷ molari (moli kwa lita). Mbali na pua kuna vionjo vya midomoni, na seli mojamoja za kuhisi kemikali zilizotawanyika kwenye ngozi. Kaboni dioksaidi nayo huhisiwa, na lava wa samaki-pundamilia huikimbia. Kwa hiyo "ameitikia kemikali" na "amenusa" ni madai mawili tofauti. Jaribio la kawaida la tabia hukupa lile la kwanza tu.

Chagua swali moja na umri mmoja

Maswali ya harufu huangukia mafungu machache: chakula, makazi, ndugu, na hatari. Chagua moja. Ukitaka kuanzia mahali penye uhakika, anza na asidi amino kwa lava wa samaki-pundamilia, kwa sababu unajua hasa umetia nini majini na kwa kiasi gani. L-alanini inajulikana kumvuta samaki huyu, na L-sisteini kumfukuza.

Harufu ya makazi imetupa baadhi ya matokeo ya kuvutia zaidi. Mwaka 2007, Gabriele Gerlach na wenzake walionyesha kwamba lava wa samaki wa jamii ya Apogonidae kwenye Great Barrier Reef, miamba ya matumbawe ya Australia, wakiwa katika umri wa kurudi kwenye matumbawe, walipendelea maji ya tumbawe lao kuliko maji ya matumbawe mengine. Maji yale yote yalikuwa maji ya bahari safi, na hakuna aliyetia kemikali yoyote.

Harufu ya ndugu inadai hadhari ya pekee, maana hujifunzwa. Samaki-pundamilia huiweka akilini harufu ya ndugu zake karibu siku ya 6 baada ya kurutubishwa, katika kipindi cha takriban saa 24. Lava aliyelelewa peke yake hana kumbukumbu hiyo, na aliyelelewa na wasio ndugu zake hawachukui wao badala yake. Kama hukuandika mayai yalilelewaje, hutaweza kuyafasiri matokeo yako.

Harufu ya hatari ndiyo inayopendwa na wanaoanza. Karl von Frisch aliieleza mwaka 1938 kwa samaki mdogo wa mitoni, Phoxinus phoxinus: ngozi ya mmoja ikijeruhiwa, kitu fulani huvuja majini na kundi zima hutawanyika. Ningekushauri usianzie hapo ukiwa na lava wa siku chache. Umri ambao mwitikio huo hujitokeza hutofautiana baina ya spishi, na lava mchanga akiogopa mara nyingi hahami upande, huganda tu. Mfereji wa kuchagua utakuambia hakuna kilichotokea, kumbe kimetokea.

Swali lolote utakaloshika, kumbuka kwamba maisha ya lava hayakuanza siku ya jaribio. Viinitete vya baadhi ya samaki wa matumbawe, wakiwa bado ndani ya yai, wameonekana mapigo ya moyo yakienda mbio maji yanapotiwa harufu ya samaki aliyejeruhiwa. Maji ya kulelea mayai yahesabu kama sehemu ya jaribio. Kama una mazoea ya kutia methilini bluu kuzuia ukungu, iache kwa kundi hili na uondoe mayai yaliyokufa kila siku.

Jenga mfereji wa mikondo miwili

Utahitaji chombo cha kioo au akriliki angavu chenye umbo la mfereji. Vipimo vifuatavyo vinafaa lava wa milimita 4 hadi 15: upana sentimita 4, kina cha maji sentimita 2.5, na uwanja wa kuogelea wenye urefu wa sentimita 15. Kabla ya uwanja huo, upande maji yanakoingia, weka ukuta mwembamba unaogawa mfereji katikati, kila nusu ikipokea maji ya chupa yake, moja yenye harufu na nyingine ya kulinganishia. Kabla maji hayajafika uwanjani, yapitishe kwenye safu ya mirija myembamba iliyopangwa kwa kubanana. Mirija ya kunywea soda iliyokatwa vipande vya sentimita mbili au tatu inatosha. Kazi yake ni kunyoosha mtiririko. Weka wavu laini mwanzoni na mwishoni mwa uwanja ili lava asitoke, na mwishoni kabisa kizuizi kifupi cha kuamua kina cha maji.

Usitumie kiungo chochote cha shaba. Shaba iliyoyeyuka, hata mikrogramu chache kwa lita, huharibu seli za kunusa za samaki. Gundi ya silikoni iache ikauke kabisa, kisha uloweke mfereji kwa siku kadhaa huku ukibadilisha maji. Sabuni usiiguse. Suuza kwa maji ya moto, kisha ethanoli, kisha maji safi mengi.

Sasa kasi. Tia mililita 100 kwa dakika kila upande. Jumla ni mililita 200 kwa dakika, na eneo la mkato wa maji ni sentimita za mraba 10, kwa hiyo maji huenda milimita 3.3 kwa sekunde na humaliza uwanja mzima kwa sekunde 45 hivi. Namba ya Reynolds, inayoonyesha kama maji yatatiririka kwa utulivu au kwa msukosuko, hapo ni karibu 150, chini sana ya kiwango ambacho msukosuko huanza. Katika sekunde hizo 45 harufu husambaa kuvuka mpaka kwa takriban theluthi moja tu ya milimita. Mpaka unabaki mkali kama umekatwa kwa wembe, na lava akiuvuka anatoka maji yenye harufu na kuingia yasiyo nayo papo hapo.

Mililita 3.3 au 3.4 kwa sekunde si nyingi, na ndiyo maana pampu ndogo za akwariamu hazifai. Hupiga kwa mapigo na mpaka hucheza. Tumia uzito wa maji wenyewe. Tatizo la chupa iliyoinuliwa ni kwamba kasi hupungua maji yanaposhuka. Dawa yake ni kuziba chupa kabisa kwa juu na kupitisha mrija wa hewa unaozama hadi karibu na chini: kasi itategemea ncha ya chini ya mrija huo, si usawa wa maji, na itabaki ile ile mpaka maji yafike kwenye ncha. Rekebisha kasi kwa kibano cha neli, kisha kinga kila upande kwa silinda ya kupimia kwa sekunde 30. Unataka mililita 50 pande zote mbili. Tofauti ya mililita mbili au tatu tayari husogeza mpaka kutoka katikati, kwa hiyo irekebishe.

Halafu ujaribu kwa rangi. Tia rangi ya chakula kwenye chupa moja na utazame kutoka juu na pia kutoka ubavuni. Kutoka juu, mpaka uwe mstari ulionyooka hadi mwisho. Kutoka ubavuni, rangi ijaze kina chote. Ukiona imelala chini au imepanda juu, maji yako mawili hayana uzito sawa. Tofauti ya nyuzi 1 ya joto kwenye maji ya bahari ya kitropiki huleta tofauti ya uzito ya karibu kilo 0.3 kwa mita ya ujazo, na tofauti ya gramu moja ya chumvi kwa kilo ya maji huleta karibu 0.75. Ni kidogo kwa macho, lakini kwenye maji ya polepole hivi inatosha kumfanya lava anayeogelea juu asikutane na harufu kabisa. Chupa zote mbili ziwe kwenye beseni moja la maji ili joto lao lilingane ndani ya nyuzi 0.2. Jaribio la rangi lifanye asubuhi kabla ya kuanza na jioni ukimaliza, lava wakiwa hawamo.

Tayarisha maji ya harufu

Kwa asidi amino, hesabu ni nyepesi. Uzito wa molari wa L-alanini ni gramu 89.1, basi gramu 0.89 kwenye mililita 100 za maji ni akiba (myeyusho mkali wa kuzimuliwa baadaye) ya 0.1 molari. Mililita moja ya akiba hiyo kwa lita moja ya maji ya jaribio ni 10⁻⁴ molari, kipimo kikubwa chenye nafasi nzuri ya kuonyesha kitu. Ukipata jibu, shuka kwa mara kumi kila hatua. Tengeneza siku hiyo hiyo. Bakteria wanazipenda asidi amino kama lava wanavyozipenda, na akiba ya jana si tena kile kilichoandikwa kwenye chupa.

Pima pH baada ya kutia. Hatua hii ndogo huokoa majaribio. L-sisteini huuzwa mara nyingi ikiwa chumvi ya hidrokloridi, ambayo ni asidi, na kwenye maji laini yasiyo na chumvi inaweza kushusha pH vya kutosha kumkimbiza lava bila sisteini kuhusika. Rudisha pH kwa hidroksidi ya sodiamu hadi ilingane na chupa ya pili, kwa tofauti isiyozidi 0.05.

Maji ya adui hutayarishwa kwa kumweka samaki mla-samaki kwenye ujazo unaojulikana wa maji safi kwa saa 24, bila chakula. Mwandae kabla ya hapo kwa kumlisha kitu kisichohusiana na lava wako kwa siku kadhaa. Adui aliyekula samaki wa spishi ile ile hutoa kinyesi chenye harufu ya mawindo, na hapo utakuwa umepima hofu ya ndugu aliyeliwa, si utambuzi wa adui.

Harufu ya ngozi iliyojeruhiwa inahitaji samaki auawe haraka na kwa utu. Dawa ya usingizi huingia kwenye ngozi na kwenye maji yako, hivyo wengi huua kwa pigo la kichwani linalofanywa na mtu aliyefunzwa. Chanjachanja ngozi kijuujuu pande zote mbili, suuza kwa mililita 15 za maji, chuja, na uitumie ikiwa bichi. Nguvu yake hupungua ndani ya saa chache.

Maji ya makazi ni rahisi: loweka majani, mwani au kipande cha mwamba wenye viumbe kwa saa kadhaa, kisha chuja. Kiasi kwa lita kiandike.

Chupa ya pili ndiyo yenye jaribio

Watu hutumia siku nzima kuandaa chupa ya harufu, kisha chupa ya pili huijaza bombani. Fikiria maji ya adui yalikaa saa 24 na samaki mkubwa: yana amonia, kaboni dioksaidi zaidi, oksijeni pungufu, na pengine joto tofauti. Ukiyalinganisha na maji mabichi, lava anayeyakwepa hajasema lolote kuhusu adui. Maji ya kulinganishia yanayostahili ni yale yaliyokaa saa 24 kwenye tangi la ukubwa ule ule na samaki asiyekula wenzake mwenye uzito unaokaribiana. Kwa majani, loweka kitu kisicho hai cha ukubwa ule ule kwenye maji ya kulinganishia. Kwa asidi amino, tia mililita ile ile ya maji matupu mahali pa akiba.

Baada ya hapo peperusha hewa kwenye chupa zote mbili kwa muda sawa, zichuje kwa kichujio cha aina moja, na upime joto, pH, oksijeni na chumvi. Andika vipimo vyote hata vinapolingana. Maji ya bomba yenye klorini yatibu kwa thiosulfati ya sodiamu, kiasi sawa pande zote.

Jaribio tupu kabla ya jaribio lenyewe

Jaza chupa zote mbili maji ya kulinganishia na upitishe lava 20 hivi, mmoja mmoja. Kwa wastani wanapaswa kukaa nusu ya muda kila upande. Wakielemea upande mmoja, mfereji wako una upendeleo, na mara nyingi chanzo ni mwanga. Lava wengi huvutwa na mwanga kwa nguvu kuliko harufu yoyote, kwa hiyo zungushia mfereji kitambaa cheupe au karatasi, na mwanga utoke juu ukiwa umesambazwa. Usisonge mbele mpaka jaribio tupu litoke sawa. Hakuna hesabu ya baadaye inayoweza kuokoa mfereji wenye upendeleo.

Fanya pia kinyume chake: harufu moja ambayo una uhakika lava wa umri huo huiitikia. Bila hiyo, siku utakapopata nusu kwa nusu hutajua kama lava hawajali harufu au mfereji wako hauifikishi.

Siku ya jaribio

Lava wawe na njaa ya kadiri kama swali ni chakula, yaani wasipewe chochote tangu jioni iliyotangulia. Lava ambaye bado ana kiini cha yai tumboni huenda asijali chakula hata kidogo. Wajaribu wote katika saa zile zile za siku. Kila lava atumike mara moja tu.

Mwenzako aandike A na B kwenye chupa kwa siri na akae na ufunguo mpaka hesabu zote zimekwisha. Kupanga A ianze kushoto au kulia kuwe kwa kurusha sarafu au kwa orodha ya bahati nasibu, si kwa zamu.

Mhamishe lava pamoja na maji yake machache kwa pipeti yenye mdomo mpana, kamwe si kwa wavu. Mwachie katikati ya uwanja, upande wa mwisho wa mkondo, maji yote mawili yakiwa tayari yanatiririka. Mpe dakika 3 azoee. Rekodi dakika 4. Kisha badilisha pande kwa kuhamisha neli au kugeuza vali, subiri dakika 3, na urekodi dakika 4 nyingine.

Kwa nini kusubiri kuwe kirefu hivyo? Neli yenye kipenyo cha ndani cha milimita 6 na urefu wa mita moja hubeba mililita 28 za maji ya zamani. Kwa mililita 100 kwa dakika, sekunde 17 hupita kabla maji mapya hayajatoka kwenye neli, kisha sekunde 45 za kuvuka uwanja, na bado kuna maji yaliyokwama kwenye mirija na pembeni. Dakika moja haitoshi. Thibitisha kwa rangi kwenye mfereji wako mwenyewe, maana neli zako ni zako.

Jumla ni dakika 14, yaani lita 1.4 za kila aina ya maji kwa lava mmoja. Lava 50 watahitaji lita 70 za maji ya harufu na 70 nyingine za kulinganishia, mbali na ya kusuuzia. Pigia hesabu hiyo mapema, kwa sababu kuchanganya maji ya siku mbili tofauti katikati ya jaribio huleta fujo. Ikibidi ugawe siku, kila siku iwe na majaribio ya aina zote.

Lava anayesukumwa na mkondo hadi wavuni na kukaa hapo hajachagua kitu. Weka kanuni yake kabla ya kuanza, kwa mfano kumwondoa atakayekaa wavuni zaidi ya nusu ya muda, na utoe taarifa ya idadi ya walioondolewa. Wakiwa wengi, punguza kasi ya maji.

Rekodi kwa kamera, si kwa jicho

Kamera ya simu iliyofungwa juu ya mfereji inatosha. Rekodi kila lava kutoka mwanzo hadi mwisho, hata anayechosha. Programu za bure kama ImageJ na ToxTrac zinaweza kufuatilia mahali alipo, au unaweza kusimamisha video kila sekunde 5 na kuandika upande. Kwa dakika 4 utapata alama 48.

Sababu ya kusisitiza kamera ina historia. Mwaka 2009 utafiti ulioongozwa na Philip Munday uliripoti kwamba maji ya bahari yenye kaboni dioksaidi nyingi huvuruga kunusa kwa lava wa samaki wa anemoni, na tafiti kadhaa zilizofuata zikaripoti mabadiliko makubwa mno, lava wakihama kutoka kuikwepa harufu ya adui karibu muda wote hadi kuifuata kwa zaidi ya asilimia 90 ya muda. Mwaka 2020 Timothy Clark na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature majaribio yaliyohusisha samaki zaidi ya 900 wa spishi sita, mengi yakiwa na video, na hawakuona athari hiyo. Mjadala umekuwa mkali. Kwa anayejenga mfereji wake, la kuchukua ni dogo na la vitendo: matokeo yasiyo na video hayawezi kukaguliwa na mtu mwingine, na matokeo yaliyonyooka kupita kiasi kwa wanyama wanaotangatanga kama lava yanastahili kutiliwa shaka, kwanza na mwenyewe aliyeyapata.

Kama lava ni wachanga mno kwa mkondo

Milimita 3.3 kwa sekunde ni karibu urefu mmoja wa mwili kila sekunde kwa lava wa milimita nne. Aliyeanguliwa jana hatahimili. Kwake tumia chombo kidogo cha maji yaliyotulia na upime mwendo badala ya upande.

Weka lava mmoja kwenye chombo chenye neli nyembamba iliyokwisha kufungwa ukutani. Mwache atulie nusu saa. Rekodi dakika 5, ingiza harufu polepole kwa bomba la sindano, fuatisha maji matupu ili kusukuma kilichobaki kwenye neli, kisha rekodi dakika 5 nyingine. Pima umbali alioogelea, idadi ya mageuzo, muda wa kuganda, na kama umempa chakula hai, mara alizoshambulia. Kundi la pili lipate maji matupu kwa sindano ile ile na kwa kasi ile ile, kwani msukumo wa maji peke yake humshtua lava. Tofauti unayoitafuta ni kati ya mabadiliko ya kundi la harufu na mabadiliko ya kundi la maji. Kuna mabadiliko ya kabla na baada katika makundi yote mawili, na anayesahau kundi la pili huishia kuripoti hofu ya sindano.

Kwa mbinu hii ndipo harufu ya hatari hupimika vizuri zaidi, kwa lava wa umri wowote.

Hesabu

Kosa moja hapa hushinda mengine yote kwa wingi: kuzihesabu alama 48 kama majaribio 48 huru. Lava aliyekuwa kushoto sekunde 5 zilizopita yumkini bado yuko kushoto. Kipimo chako kimoja ni lava mmoja. Kwa kila lava tafuta sehemu ya muda aliokaa kwenye harufu kabla na baada ya kubadilisha pande, chukua wastani wa hizo mbili, na sasa una namba moja. Zilinganishe namba hizo na nusu kwa jaribio la kitakwimu la Wilcoxon, au kama unaijua programu ya takwimu ya R, tumia modeli mchanganyiko inayoingiza mama aliyetaga kama athari nasibu. Lava 50 wa mama mmoja wana ushahidi mdogo kuliko 50 wa akina mama kumi.

Lava wangapi? Kama lava saba kati ya kumi kweli hupendelea harufu, unahitaji karibu 50 ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuligundua hilo. Kama ni tisa kati ya kumi, dazeni moja inatosha. Panga kwa ile 50, kwa sababu upendeleo wa lava kwa kawaida huwa mdogo.

Tazama pia michoro ya lava mmoja mmoja. Lava aliyekaa kushoto dakika zote nane, kabla na baada ya kubadilisha, atakupa wastani wa nusu kamili sawa na yule aliyekuwa akivuka huku na huko. Wa kwanza hakuwahi kukutana na mpaka, na wakijaa wa namna hiyo, tatizo si harufu bali ni kwamba hawaogelei. Rudi kwenye kasi ya maji, mwanga, au umri wao.

Vibali na mwisho wa lava

Uliza kuhusu kibali kabla ya kuagiza mayai. Sheria ya Umoja wa Ulaya, 2010/63/EU, huwalinda lava wa samaki tangu wanapoanza kujilisha wenyewe, jambo linalochukuliwa kuwa saa 120 baada ya kurutubishwa kwa samaki-pundamilia anayelelewa kwenye nyuzi 28.5, na taasisi nyingi nje ya Ulaya zina kamati yenye masharti yanayofanana. Lava waliotumika warudishwe tangini kama kibali kinaruhusu, wakiwa mbali na wale ambao hawajajaribiwa. Wa kufugwa wasiachiwe mtoni wala baharini, na maji ya adui au ya ngozi yatibiwe kwa klorini kabla ya kumwagwa.